Chupa ya Pili

Kuna kanuni moja ambayo haijabandikwa kwenye ukuta wa wodi yoyote, lakini inafuatwa katika hospitali nyingi za ukanda wetu: uvimbe wa tumbo unaomkondesha mtu ni saratani mpaka ithibitike vinginevyo. Mwalimu humrithisha mwanafunzi wa udaktari. Daktari wa wilaya huifupisha kwenye barua ya rufaa kwa alama ya kuuliza na herufi mbili, “?Ca”. Ndugu wa mgonjwa nao huitafsiri kwa namna yao, na jioni hiyo hiyo yanaanza mazungumzo ya sauti ya chini kuhusu shamba la kuuza. Kanuni hii inasikika kama busara tupu, kwa kuwa inamtaka daktari alihofie lililo baya zaidi kabla ya mengine. Sina ugomvi na hofu hiyo. Saratani za tumbo zipo, zinaua, na wengi wetu tunafika hospitali zikiwa zimeshakomaa. Ugomvi wangu ni na yale maneno matatu ya mwisho, “mpaka ithibitike vinginevyo”. Katika nchi zetu hilo “vinginevyo” lina jina linalojulikana, nalo ni kifua kikuu. Na njia tunayoipita kutafuta uthibitisho imepangwa kwa namna ambayo kifua kikuu hakiwezi kuthibitika hata pale ambapo ndicho chenyewe. Mshtakiwa amepewa nafasi ya kujitetea, ila mashahidi wake wote wamefungiwa nje ya mahakama.

Lugha yetu yenyewe imechangia kosa hili. Ugonjwa tumeuita kwa mahali pake, kifua kikuu, na kwa wengi wanaougua jina hilo linatosha. Lakini sema “kifua kikuu cha tumbo” mbele ya mtu ambaye hajawahi kulisikia neno hilo uone atakavyokutazama. Ni kama umemwambia habari za jino la mguu. Watu wa mitaani wamelitatua tatizo kwa kusema TB tu, wakapata TB ya mifupa, TB ya tezi na TB ya tumbo bila kujikwaa ulimi. Kampeni za afya hazijajitatulia hivyo. Mabango yanahesabu kikohozi cha wiki mbili. Vikopo vinavyogawiwa zahanati ni vya makohozi. Hata wale panya mashuhuri wa Morogoro, waliofundishwa kunusa TB na ambao tuna haki ya kujivunia, wanachopelekewa kunusa ni makohozi. Katika maswali manne anayoulizwa mtu anapochunguzwa TB, yaani kikohozi, homa, kupungua uzito na jasho la usiku, mgonjwa wa TB ya tumbo anaweza kujibu ndiyo kwa matatu. Anakwama kwenye lile la kwanza, na mara nyingi la kwanza ndilo linaloamua kama atapewa kikopo au ataambiwa aende zake.

Si kwamba ugonjwa huu ni wa nadra kiasi cha kusamehewa usahaulifu. Duniani, takriban mgonjwa mmoja kati ya sita wanaosajiliwa kuwa na TB ameipata nje ya mapafu, na vitabu huweka TB ya tumbo kwenye kama asilimia 5 ya TB yote. Asilimia 5 ni ndogo mahali palipo na wagonjwa wachache. Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo ya Kinshasa zote zimo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa TB, na hapo asilimia hiyo inajaza wodi. Vimelea hufika tumboni kwa njia kadhaa. Mtu mwenye TB ya mapafu humeza makohozi yake. Damu huvisafirisha kutoka kwenye kidonda cha kifuani kilichokwisha kupona zamani. Au huingia na maziwa yasiyochemshwa ya ng’ombe mwenye aina yake ya TB, jambo linalozihusu jamii za wafugaji zaidi ya wengine. Vikifika, vinapenda pembe moja kuliko zote: pale chini kulia, utumbo mwembamba unapoingia kwenye utumbo mpana, jirani na kidole tumbo. Chakula hukawia hapo, na ukuta wa utumbo mahali hapo umejaa tishu za kinga ambazo vimelea hawa hujichimbia ndani yake. Matokeo ni vidonda, ukuta unaonenepa, tezi zinazogandamana, na mwishowe bonge gumu ambalo daktari analipapasa kwa vidole na moyo wake unashuka. Au ugonjwa hutandaa kwenye utando unaofunika viungo vya tumbo, ukaacha vipele vyeupe vidogo kama mtama uliomwagwa, na tumbo likajaa maji. Saratani ya utumbo mpana hufanya lile la kwanza. Saratani ya ovari, ya tumbo la chakula na ya kongosho hufanya lile la pili. Mgonjwa amekonda, ana homa za jioni, hana hamu ya kula. Kwa jicho na kwa mkono, hakuna anayeweza kutofautisha, na anayesema anaweza anajidanganya.

Nguzo ya kwanza ya kanuni hii ni eksirei. Kifua kimepigwa picha, kiko safi; makohozi yamepimwa, hayana kitu; basi TB imeondolewa kwenye hesabu. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama TB ya tumbo ingekuwa kivuli cha TB ya mapafu. Sivyo. Katika tafiti nyingi, chini ya nusu ya wagonjwa wa TB ya tumbo ndio walioonekana kuwa na ugonjwa hai kifuani, na baadhi ya vitabu hushusha idadi hadi robo. Kifua safi, kwa hiyo, ndicho hali ya kawaida ya mgonjwa huyu. Kuna pia suala la hesabu ambalo halisemwi vya kutosha. Ili darubini ione vimelea kwenye makohozi yaliyopakwa kiooni, panatakiwa kuwa na vimelea kama 10,000 katika kila mililita. Pafu lililotoboka huzalisha idadi hiyo bila taabu. Tumbo halizalishi. Maji yanayovutwa kutoka kwenye tumbo lenye TB yana vimelea wachache mno, kwa sababu vurugu yote ile ya maji na uvimbe ni kazi ya kinga ya mwili inayopigana na adui mchache. Ndiyo maana darubini huviona kwa wagonjwa wasiofika 3 katika kila 100. Jibu la maabara linalosema “hakuna vimelea vilivyoonekana” ni kweli tupu. Kosa ni la yule anayelisoma kana kwamba limesema “hakuna TB”.

Nguzo ya pili ni picha ya CT pamoja na vipimo vya damu vinavyoitwa vya saratani. CT inaona mengi na haidharauliki. Tezi zilizooza katikati zikabaki na ukingo unaong’aa huelekeza kwenye TB. Utando ulionenepa kwa usawa bila mabonge huelekeza huko huko. Mabonge yasiyo na mpangilio huelekeza kwenye saratani. Lakini magonjwa haya mawili hukopeshana sura, na ripoti inayotoka imeandikwa na mtu aliyeelezwa kwamba anatafuta saratani. Kipimo cha damu kinachonikera zaidi ni CA-125. Mwanamke wa miaka thelathini na ushei, tumbo limejaa maji, altrasaundi imeonyesha ovari zimevimba, na CA-125 imerudi 500 wakati kawaida ni chini ya 35. Kwa wengi kesi imekwisha hapo. Basi tujiulize namba hiyo inatoka wapi. Seli za saratani ya ovari huitoa, ndiyo. Seli za kawaida za utando wa tumbo, wa mapafu na wa moyo huitoa vilevile zikichokozwa na chochote: TB, ini lililosinyaa, moyo uliochoka, hata mimba. TB ya utando wa tumbo hulichokoza eneo lote la utando kwa mpigo, na namba hupanda hadi mamia. Mgonjwa akimeza dawa za TB, hushuka yenyewe ikarudi kawaida. Kipimo hiki kilipoingia hospitalini miaka ya 1980, kazi yake ilikuwa kumfuatilia mgonjwa ambaye saratani yake tayari inajulikana. Kukigeuza kuwa hakimu wa kwanza ni matumizi mabaya ya chombo kizuri, na gharama yake imerekodiwa kwenye majarida ya tiba ya nchi nyingi: wanawake vijana waliofunguliwa tumbo, wakaondolewa ovari na mji wa mimba, kisha maabara ikajibu kwamba kilichokuwamo ni ugonjwa unaopona kwa vidonge.

Nguzo ya tatu ndiyo inayoonekana imara kuliko zote: kinyama. Kata kipande, kipeleke maabara, mwanapatholojia akitazame. Hapo hapana ubishi. Nakubali kwamba bila kinyama hatufiki mbali. Nisichokubali ni namna tunavyokichukua. Tazama kwa karibu kinachotokea. Koleo la kamera inayoingizwa utumboni huuma kipande chenye ukubwa wa punje ya mchele, tena cha tabaka la juu tu. Uvimbe wa TB, ule mkusanyiko wa seli unaoitwa granuloma, mara nyingi umekaa tabaka la chini yake. Ukichukua vipande viwili vya juu juu, jibu litakuwa “uvimbe sugu usio mahususi”, na hilo ndilo jibu linalorudi kila siku. Inatakiwa kuuma vipande vinane au zaidi, kwenye ukingo na kwenye kitako cha kidonda, koleo likirudi mahali pale pale kuzama chini. Kisha kipande kinatumbukizwa wapi? Kwenye chupa yenye fomalini. Fomalini huhifadhi umbo la seli vizuri sana, ndiyo maana mwanapatholojia anaitaka. Pia huua kila kimelea. Tangu dakika hiyo hakuna maabara duniani itakayoweza kuotesha chochote kutoka kwenye kipande hicho, na hata kipimo cha vinasaba hupoteza sehemu ya uwezo wake. Ushahidi wa TB umeuawa na chupa kabla haujafika mezani. Na fomu inayoambatana na chupa ina mstari mmoja wa maelezo, nao umeandikwa zile herufi mbili. Mwanapatholojia ni binadamu mwenye lundo la vioo mezani, atajibu alichoulizwa. Rangi maalumu ya kuonyesha vimelea vya TB hupakwa mtu akiiomba.

Hapa ndipo undumilakuwili wa kanuni unapojianika. Kinyama kikirudi bila seli za saratani, husemwa kwamba koleo lilikosa mahali, saratani imejificha, mgonjwa apelekwe chumba cha upasuaji. Kinyama hicho hicho kikirudi bila dalili za TB, husemwa kwamba TB haipo. Jibu moja tupu linatumika kuikuza dhana moja na kuizika nyingine. Mtu akiniambia huo ni uthibitisho, nitamwomba anionyeshe matokeo gani yangeweza kumfanya abadili mawazo.

Inafaa kujua kwamba macho ya madaktari hayakuwa hivi siku zote. Robert Koch alitangaza ugunduzi wa kimelea cha TB mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882, na kwa miongo kadhaa baadaye bonge la pembe ya kulia ya tumbo lilihesabiwa TB kwanza, hata Ulaya na Marekani. Mwaka 1932, Burrill Crohn wa New York na wenzake wawili walipoeleza ugonjwa wa utumbo mwembamba ambao sasa unabeba jina lake, sehemu ya kazi yao ilikuwa kuutenganisha na TB ambayo kila mtu aliizoea. Baadaye TB ikapungua katika nchi hizo, saratani ya utumbo mpana ikabaki tishio kuu, na kanuni ya “saratani mpaka ithibitike vinginevyo” ikawa sahihi huko, kwa sababu huko hesabu inaiunga mkono. Sisi tuliipokea ikiwa imefungwa ndani ya vitabu bila hesabu iliyoizaa. India, yenye wagonjwa wa TB wengi kuliko nchi nyingine yoyote, haikuipokea hivyo. Sehemu kubwa ya maandishi ya kitabibu kuhusu TB ya tumbo imeandikwa na madaktari wa huko, ambao kwao swali la TB huulizwa siku ya kwanza. Ugonjwa huonekana zaidi mahali unapotarajiwa. Kwetu upo na hautarajiwi, jambo ambalo ni la kushangaza kwa watu tunaoishi nao nyumba moja.

Pingamizi la kwanza nalisikia tayari, na ni zito: saratani haisubiri. Ukikosea ukaiita TB, umempotezea mgonjwa muda wa tiba. Ukikosea ukaiita TB saratani, umemkata tu kipande cha utumbo ambacho angeweza kuishi bila. Makosa hayana uzito sawa, kwa hiyo afadhali tukosee upande wa saratani. Hoja hii inaficha mgonjwa mmoja, na wa namna yake ni wengi. Huyo ni yule ambaye CT imesema “imesambaa tumbo zima”. Hakatwi. Haanzishiwi chochote. Familia inaitwa pembeni, inaambiwa ni hatua ya nne, na mtu anarudishwa nyumbani na dawa za maumivu. Kama kweli ni saratani, wiki mbili za kutafuta jibu jingine hazimwondolei kitu kikubwa. Kama ni TB ya utando wa tumbo, ametumwa nyumbani kufa kwa ugonjwa unaotibiwa kwa miezi sita: dawa nne kwa miezi miwili, kisha mbili kwa miezi minne, bila malipo katika vituo vya umma. Makosa hayana uzito sawa, nakubali, lakini mizani inaelemea upande mwingine. Kuhusu uvimbe ambao bado uko mahali pamoja na unakatika, siombi hata siku moja ya kuchelewesha. Koleo ni lile lile, saa ni ile ile, kipande cha pili kinachukuliwa baada ya cha kwanza. Na utumbo ukiziba au kutoboka, daktari wa upasuaji afungue usiku huo huo bila kungoja maoni ya mtu. Ila alichokitoa nacho kigawanywe.

Wengine watasema nimejifunga mwenyewe: nimekiri kwamba vipimo vya TB ya tumbo ni dhaifu, sasa navitaka vya nini? Ni dhaifu kwa kukanusha, si kwa kuthibitisha, na tofauti hiyo ndiyo kiini cha jambo zima. GeneXpert, mashine ya kusoma vinasaba ambayo Shirika la Afya Duniani liliiidhinisha mwaka 2010, hutambua vimelea wakiwa kama 130 kwa mililita, na toleo lake la Ultra hushuka hadi kama 16. Kwenye maji ya tumbo hukamata karibu wagonjwa sita kati ya kumi. Wanne wanaponyoka, kwa hiyo jibu lake la “hapana” halimalizi kitu. Lakini ikisema “ndiyo”, ni nadra sana kukosea, na wagonjwa sita kati ya kumi si watu wa kutupwa. Kipo kipimo kingine kisicho na umaarufu, cha kimeng’enya kiitwacho ADA, ambacho hupanda kwenye maji ya tumbo lenye TB. Mpaka unaotumika ni kama yuniti 39 kwa lita, na uwezo wake wa kutambua na wa kutenganisha umepimwa ukawa zaidi ya asilimia 90 kwa pande zote mbili. Saratani iliyosambaa kwenye utando kwa kawaida haikipandishi hivyo. Limfoma inaweza, na hilo ni onyo la kukumbukwa. Kwa anayeishi na VVU na amedhoofika, kuna kipimo cha mkojo cha LAM kinachojibu kabla hajamaliza kikombe cha chai. Na pale vyote vinapokaa kimya, kuna kuingiza kamera tumboni kwa tundu dogo, kuangalia ule utando kwa macho na kuung’oa kipande. Hapo TB ya utando hujionyesha kwa wagonjwa zaidi ya tisa kati ya kumi. Hakuna kipimo hata kimoja kati ya hivi kinachotosha peke yake. Vikipangwa pamoja, uzito wake ni mkubwa kuliko ule wa CA-125 inayotuondolea watu vizazi.

Kuna kundi jingine ambalo litanishangilia mapema, nami sitaki makofi yake. Ni wale wanaosema: basi mpe dawa za TB tuone. Hilo ni kosa lile lile, limegeuzwa ndani nje kama shati. Dawa za TB zinaweza kumdanganya daktari. Rifampisini huua bakteria wengi wasiohusiana na TB, homa ikashuka. Mgonjwa aliyelazwa akalishwa vizuri huongeza kilo mbili. Kila mtu anatabasamu, na saratani inaendelea na kazi yake. Kuna zaidi: granuloma huweza kujitokeza pembeni ya uvimbe wa saratani kama mwitikio wa mwili, kwa hiyo hata kuiona granuloma isiyooza katikati hakutoshi kuifuta saratani. Magonjwa yote mawili yamewahi kukutwa kwenye utumbo mmoja. Tiba ya majaribio ina nafasi yake, lakini kwa masharti: kinyama cha kutosha kiwe kimetafutiwa saratani na kukosekana, dalili nyingine zielekeze kwenye TB, na kwenye faili iandikwe kwa kalamu tarehe ya kurudi kutazama. Miezi miwili inatosha. Kufikia hapo vidonda vya TB vinapaswa kuwa vinafunga na maji ya tumbo yawe yamepungua au yamekauka. Kama havijafunga, kamera irudi na koleo lirudi. Na mgonjwa aambiwe mapema kwamba kidonda cha TB kinapopona huacha kovu, kovu hubana, na utumbo unaweza kuziba wakati dawa zinafanya kazi barabara. Asije akadhani ametapeliwa.

Limebaki lile pingamizi linalomaliza mijadala yote ya afya katika nchi zetu, la fedha na vifaa. Ni kweli kwamba kamera ya tumbo haipo kila mkoa, na mwanapatholojia ni wa kutafutwa kwa tochi. Lakini tuangalie ni nini hasa ninachokidai. GeneXpert tayari ziko katika hospitali nyingi za wilaya. Zimekaa zinangoja makohozi. ADA hupimwa kwa badiliko la rangi kwenye mashine ambayo maabara ya kemia inakuwa nayo kwa kazi nyingine. Kinachokosekana ni kitendanishi kuagizwa na jina la kipimo kuwemo kwenye fomu. Kuandika “?TB” pembeni ya “?Ca” ni wino wa herufi mbili. Kuwakalisha daktari wa upasuaji, wa saratani na wa kitengo cha TB kwenye benchi moja kabla ya kutamka hatua ya nne hakuhitaji mfadhili. Kunahitaji idara zenye milango inayotazamana zibishiane hodi. Ukilinganisha na gharama ya upasuaji mkubwa, siku za kulazwa, safari za rufaa na lile shamba lililouzwa, anayesema uchunguzi wa TB ni ghali hajapiga hesabu, au amepiga hesabu ya hospitali akasahau ya familia.

Na kifaa chenye thamani kuliko vyote katika habari hii ni chupa ndogo yenye maji ya chumvi ya hospitali, yale yale ya dripu. Kipande kinachowekwa humo hubaki na vimelea hai. Kinaweza kuoteshwa, kinaweza kuingizwa kwenye GeneXpert, kinaweza hata kuonyesha kama rifampisini itafanya kazi. Kifike maabara siku hiyo hiyo, kisilale dirishani. Chupa yenye fomalini iende kwa mwanapatholojia kama kawaida. Hii iende kitengo cha TB. Katika hospitali nyingine ndugu ndiye anayekabidhiwa sampuli aipeleke mwenyewe. Kama siku moja ndugu huyo ni wewe, tazama ulichopewa mkononi. Ukikuta chupa ni moja, muulize kwa heshima kabla hajavua glavu: “Daktari, ya TB iko wapi?”